Kioo cha Nne

"Mashine hii inaniogopa," Fundi alisema, akikaza skrubu ya mwisho. "Nikiingia tu mlangoni, inajifanya mtoto wa shule mwenye adabu."

Inspekta alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu aingie maabara hakuwa amegusa kitu, isipokuwa ndoano ya nyuma ya mlango, alipoutundika mkoba wake. Ndoano ya pili ilikuwa na koti jeupe la daktari, pana mabegani, refu mno kwa mtu yeyote aliyekuwa akifanya kazi humo. Kifuani palikuwa na beji ya jina. Chini ya beji kilining'inia kibanio cha karatasi, peke yake, bila karatasi.

"Imekudanganya mara ngapi?"

"Mimi? Hata mara moja. Ndiyo shida yenyewe, afande. Wananipigia simu, nakuja mbio, naiwasha, inafanya kazi kama saa. Naondoka. Siku mbili tatu, simu tena. Mke wangu ameanza kuuliza ni nani huyo anayenitafuta asubuhi asubuhi."

"Umemwambia ni mashine?"

"Nimemwambia. Ndiyo amezidi kununa."

Inspekta alisogea karibu na meza. Hadubini ile haikuwa na mahali pa kuweka jicho. Juu yake palikuwa na kamera, na waya mnene uliotoka kwenye kamera ukaingia kwenye kompyuta. Chini ya lenzi palikuwa na kimeza cha chuma kilichosukumwa na mota mbili, na juu ya kimeza sinia lenye nafasi nne za vioo. Kila kioo kilibeba kipande cha nyama chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kilichokatwa kwenye uvimbe wa titi la mwanamke fulani. Kompyuta ilikisogeza kimeza kutoka kioo kimoja hadi kingine, kamera ikapiga picha, na picha zikatumwa kwa daktari wa mji mwingine, kwa sababu daktari wa hapa alikuwa amefariki na hajapatikana wa kushika nafasi yake. Yule wa mbali alisoma picha akajibu: huyu anao ugonjwa, huyu hana.

Wiki iliyopita alikuwa amejibu kwamba mwalimu mmoja wa kike akatwe titi. Mpasuaji, mtu mbishi tangu kuzaliwa, akasema hakati kitu mpaka kioo chenyewe kisomwe kwa jicho la mtu. Kikapelekwa kwa yule daktari wa mbali, kikasomwa. Kilikuwa safi. Kioo kilichofuata, kilichopelekwa pamoja nacho, cha mama mmoja aliyeambiwa aende nyumbani kwa amani, hakikuwa safi.

Hakuna aliyekatwa, na yule mama alikwisha rudishwa wodini. Lakini hospitali iliita polisi.

"Kwa sababu hii si mashine," alisema Mkuu wa Maabara. Alikuwa amesimama mlangoni, shati limekunjamana, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Nimeichunguza kila njia. Wanaofungua maabara asubuhi ni wawili, Mrefu na Mama Vioo. Siku za Mrefu, salama. Siku zote mbovu ni za Mama Vioo. Zote, afande. Natamani ningekuta hata moja isiyo yake."

"Ana sababu gani ya kuharibu?"

"Hakuwahi kuipenda mashine. Ilipoletwa, sote tulipiga makofi. Yeye alitoka nje." Mkuu alishusha sauti. "Amenifundisha kazi yule mama. Nilipoanza hapa nilikuwa navunja vioo kama sahani za harusi, akanifichia. Usidhani nafurahi."

"Yuko wapi?"

"Kwenye benchi, nje. Toka asubuhi."

"Abaki hapo kidogo. Kama ni mashine, atarudi kazini. Kama ni mtu, ataondoka na mimi." Inspekta alimgeukia Fundi. "Niambie kwanza ulichobadilisha."

Fundi alikuwa amebadilisha waya wa kamera, mara mbili. Kila siku mbovu, alieleza, picha ya kioo cha nne ilitoka nyeupe tupu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Wao wakaamini kamera inachoka mwishoni. Kioo hicho cha nne wakawa wanakipiga picha peke yake baadaye, kwa mkono, na picha ikatoka vizuri.

"Basi kioo cha nne hakijawahi kukosewa," Inspekta alisema.

"Hakijawahi. Ndicho pekee tulichokihangaikia."

"Na hivyo vitatu vingine vilionekana vizuri, mkaviacha."

Fundi aliacha kuzungusha bisibisi.

Inspekta aliomba vioo vinne vya siku ile ya mwalimu, na picha zake zifunguliwe kwenye skrini. Hakujua kusoma ugonjwa, wala hakujaribu. Alitazama umbo tu. Kipande cha mwalimu, kwenye kioo cha kwanza, kilikuwa kama jani lililong'atwa upande mmoja. Picha iliyoandikwa jina la mwalimu ilikuwa ya kipande cha mviringo, chenye tundu katikati. Alinyanyua kioo cha pili kwenye mwanga wa dirisha. Mviringo, tundu katikati.

"Haya, huyu wa pili. Picha yake ni ya nani?"

Fundi alisogeza uso karibu na skrini, kisha akanyanyua kioo cha tatu. "Ya huyu hapa."

"Na ya wa tatu?"

"Ya wa nne." Alikaa chini. "Na wa nne, nyeupe."

"Mtu anayetaka kubadilisha majibu ya watu wawili hubadilisha mawili. Hapa benchi zima limesogea nafasi moja, na wa mwisho kaanguka chini."

"Hata mtu anaweza kuvipanga hivyo," Mkuu alisema polepole. "Aweke cha pili mahali pa kwanza, cha tatu mahali pa pili. Nafasi ya nne iwe tupu. Na anayevipanga siku zake ni yeye."

"Ni kweli," Inspekta alikubali. "Ndiyo maana leo nitavipanga mimi. Mwiteni."

Mama Vioo aliingia akiwa ameshika viatu vya maabara mkononi, kana kwamba alikuja kuvirudisha. Alikuwa mwanamke mfupi, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, vidole vina madoa ya rangi ya zambarau ambayo sabuni ilikwisha kushindwa nayo. Alimtazama Mkuu, akaangalia pembeni.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kunichukua?"

"Bado sijajua. Nina maswali."

"Uliza. Benchi la nje limenichosha kuliko maswali."

"Wanasema hukuipenda mashine."

"Wanasema nani? Huyu?" Alimwelekezea Mkuu kidevu. "Huyu alidhani kila anayetoka nje kakasirika."

"Ulitoka kwa nini?"

"Mafua."

"Vioo siku zako unavipanga wewe?"

"Mimi. Kutoka kushoto kwenda kulia, na naita jina kwa sauti nikikiweka. Hata kama niko peke yangu. Ndivyo tulivyofundishwa humu."

"Ulishawahi kukosea?"

"Mwanangu, mimi ni binadamu, nimekosea mengi. Niliolewa mara mbili. Lakini kioo, hapana."

Fundi alikohoa ili asicheke. Inspekta hakucheka, lakini alivuta kiti akamkaribisha akae. Kisha akachukua vioo vinne vitupu, na kwa kalamu ya wino mzito akachora: cha kwanza duara, cha pili mstari, cha tatu pembetatu, cha nne nukta. Alimwambia Fundi aizime mashine kabisa. Akavipanga vioo kwenye sinia mwenyewe, wote wakitazama.

"Sasa mama, fanya kama ni asubuhi, umefika wa kwanza. Usiruke kitu."

Mama Vioo alivaa viatu. Alinawa mikono, akafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, akafungua dirisha la juu. Akawasha kompyuta, halafu hadubini. Kimeza kililia mlio mrefu, kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili, kikanyamaza. Mikono ya Mama Vioo ilipanda juu mbele ya mashine, ikakaa hewani, ikashuka. Akakunja kitambaa chake.

Fundi aliamuru picha. Duara. Mstari. Pembetatu. Nukta.

"Umeona?" Mkuu alisema, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Akitazamwa, haikosei."

"Na mimi nikiitazama haikosei," Fundi alisema. "Mimi pia nifungwe?"

Inspekta alikuwa akiangalia mikono ya Mama Vioo.

"Mama, hapo ulipokwisha kuwasha, mikono yako ilikwenda kuchukua kitu."

"Wapi?"

"Hapa. Juu ya mashine. Ilipanda mitupu ikashuka mitupu. Ulitaka kutoa nini?"

"Ni mazoea tu. Kifuniko."

"Kifuniko cha plastiki kile kiko juu ya kabati, kina vumbi la kuandikia jina. Hakijaguswa na mtu."

"Mrefu anakichukia," Mkuu alisema. "Hafuniki kabisa."

"Sijamuuliza Mrefu." Inspekta alivuta kiti cha pili, akakaa magoti yakikaribiana na ya mama. "Mama, nina gari nje na nina karatasi. Mkuu wako amekaa siku nzima akitafuta siku mbovu moja isiyo yako, hajaipata. Ukinificha kitu kidogo kwa sababu kinakutia haya, nitalazimika kuandika kwamba umenificha. Usiruke kitu. Nilikuomba hivyo."

Mfereji ulidondosha maji.

"Ni koti," Mama Vioo alisema.

"Lipi?"

Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Lile koti, alieleza, lilikuwa la marehemu daktari. Zamani, walipokuwa na hadubini ya mkono tu, kila jioni alilivua akaifunika hadubini nalo, akisema hata yenyewe imechoka kuangaliwa. Asubuhi mfagiaji akifagia, vumbi halikuigusa. Hii ya kompyuta aliiomba yeye. Aliandika barua akachoka, akasafiri akarudi mikono mitupu, akacheka, akaandika tena. Mashine ilipofika kwenye masanduku yake, yeye alikuwa amekwisha zikwa.

"Wengine wakapiga makofi," alisema. "Mimi nikatoka nje."

Mkuu aliangalia sakafu.

"Nikasema moyoni, aliisubiri sana. Basi walau koti lake liiguse. Jioni ya kuamkia zamu yangu, wenzangu wakishatoka, nikawa naifunika. Asubuhi nafika, nawasha, naliacha juu yake mpaka taa ipate moto na mfagiaji amalize, ndipo nalivua. Wenyewe mkija, liko mlangoni." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilijua mtasema mama mzima anavalisha mashine nguo."

"Lilete," Inspekta alisema. "Na ulivalishe kama kila siku."

Fundi aliizima mashine upya. Mama Vioo alilitoa koti kwenye ndoano, akalikung'uta mara moja, akaliweka juu ya kamera, mabega yakaanguka huku na huku. Upande wa kushoto, kifua cha koti kililala ubavuni mwa kimeza, beji ikigusa chuma. Alifunga kifungo kimoja cha juu. Akawasha.

Kimeza hakikulia. Kilitoa sauti moja fupi, tik, kikanyamaza.

Fundi aliinua kichwa. "Ameenda wapi?"

"Nani?"

"Mlio. Kila ikiwashwa hulia. Sijawahi kuisikia ikinyamaza."

"Subiri," Inspekta alisema. "Mama, endelea."

Mfagiaji hakuwepo, lakini Mama Vioo alisubiri kama yupo. Kisha akafungua kifungo, akalivua koti, akalitundika mlangoni. Fundi aliamuru picha.

Kwenye nafasi ya kwanza: mstari. Ya pili: pembetatu. Ya tatu: nukta. Ya nne: nyeupe tupu.

Mama Vioo alishika ukingo wa meza.

"Nieleze kama unamweleza mkeo," Inspekta alimwambia Fundi. "Ikiwashwa, kwa nini hulia?"

"Kwa sababu haijui iko wapi. Ni kama mtu aliyeamka gizani. Anapapasa mpaka aguse ukuta, ndipo ajue mlango uko upande gani. Kimeza kinatembea hadi pembeni kabisa. Pale pembeni kina sumaku ndogo, na hapa ubavuni mwa mashine kuna kijicho cha kuhisi sumaku. Kijicho kikiihisi, kimeza kinasema, hapa ndipo mwanzo, na kinahesabia vioo kutoka hapo."

"Ikizimwa, hulala wapi?"

"Mahali pa kupakia sinia. Nafasi moja kutoka..." Alisita. "Nafasi moja kutoka ukutani."

Inspekta alikwenda mlangoni. Alikichomoa kile kibanio cha karatasi chini ya beji, akakishika mbali kidogo, akakiachia. Hakikuanguka. Kiliruka kikagota kwenye beji.

"Nilikiona nilipoingia," alisema. "Nikadhani kimekwama kwenye uzi."

Aligeuza kifua cha koti. Beji haikuwa na pini. Nyuma ya kitambaa palikuwa na kipande cha pili, sumaku nene kama ukucha wa gumba, iliyoibana beji kutoka ndani.

"Alikataa pini," Mama Vioo alisema kwa sauti ndogo. "Alisema nguo ya kazi haitobolewi."

"Basi kimeza kinaamka, kinahisi sumaku ya beji papo hapo, kinasema nimekwisha fika ukutani," Fundi alisema. "Hakitembei hata. Kinaanza kuhesabu kutoka kitandani. Na ukinipigia simu mimi, nafika, naizima, naiwasha bila koti, inatembea hadi ukuta wa kweli. Inapona." Alijipiga paja. "Nimebadilisha waya mara mbili! Waya mzima, hauna kosa lolote, masikini."

Mkuu alivuta kiti akakaa kando ya Mama Vioo, si mbele yake.

"Mama," alisema. "Nilikuwa nimekwisha andika barua ya kukufukuza."

"Najua. Uliandika ukiwa umesimama. Huwa husimami ukiandika kitu kizuri."

Inspekta alifungua mkoba, akatoa karatasi za maelezo na bahasha ya vielelezo. Alibandua beji na sumaku yake, akavitia ndani ya bahasha, akaifunga. Koti akaliacha pale pale.

"Limebaki swali moja, na ni kubwa kuliko yote. Fikiri kabla ya kujibu. Ulilitumia koti siku hiyo ya mwalimu peke yake, au na siku nyingine?"

Mkuu aligeuka kumtazama. Siku chache zingekuwa wanawake wachache, na fedheha ndogo. Siku nyingi zingekuwa majina mengi ya kuitwa, na nyumba nyingi za kugongewa, na kila mlango ukifunguliwa, jina la Mama Vioo lingetajwa ndani. Inspekta alijua, ndiyo maana alimpa nafasi ya kufikiri.

"Hakuna cha kufikiri," Mama Vioo alisema. "Kila siku niliyofungua mimi. Tangu siku ya kwanza ya mashine hii. Hata moja sikuruka."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mtu anayefanya jambo la siri halisahau." Alimgeukia Mkuu. "Vioo vyote vipo. Viko kwenye droo, kwa mpangilio, hakuna kilichotupwa. Vipigwe picha upya, vyote vya siku zangu. Waliokwisha jibiwa waitwe. Waliokuwa wanasubiri wasubiri kidogo. Nitawapigia simu mwenyewe."

"Hakuna atakayetaka umpigie wewe. Watakutukana."

"Basi wanitukane mimi, si msichana wa mapokezi."

Mkuu alitikisa kichwa, akatoa ile barua mfukoni, akaichana vipande vinne. "Nitakaa na wewe," alisema. "Atakayetukana atutukane wawili."

Inspekta alianza kuandika. Jina, kazi, mahali pa kazi. Aliandika kwamba kosa lilitokana na sumaku ya beji, kwamba hapakuwa na nia ovu, kwamba shahidi alijieleza kwa hiari yake. Kalamu ikafika mahali palipohitaji neno.

"Uhusiano wako na marehemu daktari?"

Mama Vioo alifikiri hapo zaidi kuliko alivyofikiri penginepo.

"Andika hakuna. Si mke, si dada, si binti. Siku ya mazishi waliwaita ndugu wakasogea mbele, wakawaita wanafunzi wake, wakawaita wakubwa wa hospitali. Mimi sikuitwa na kundi lolote. Kuna mama alinipa mkoba wake nimshikie, nikaushika mpaka mwisho." Alitabasamu kidogo. "Ulikuwa mzito kweli. Sijui alibeba nini."

Inspekta aliandika neno moja, akaigeuza karatasi ili mama asome na kutia sahihi. Mama Vioo aliisogeza mbali na macho, kama watu wa umri wake wanavyofanya. Pale kwenye uhusiano palikuwa pameandikwa: mfiwa.

Alilisoma mara mbili. Kidole chake chenye doa la zambarau kilikaa juu ya neno lile kwa muda. Kisha akatia sahihi.

Akainuka, akanawa mikono. Akafungua droo, akatoa sanduku la vioo vya siku yake ya kwanza, akavipanga vinne kwenye sinia, kushoto kwenda kulia, akiita kila jina kwa sauti. Mkuu aliyarudia majina nyuma yake, simu mkononi.

"Izime kwanza," Mama Vioo alimwambia Fundi. "Tuanze upya."

Fundi aliizima. Mama Vioo alihakikisha kwa macho kwamba koti liko mlangoni. Kisha akabonyeza mwenyewe, na mashine ikiwa wazi, bila kitu juu yake, kimeza kikaanza kulia ule mlio mrefu, kikienda kuutafuta ukuta.